Walifungua Mipaka Kitambo, Baba Wambui

Mpendwa Baba Wambui,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa mazoea, kwa hiyo usilishikilie sana. Naandika waziwazi, kila mtu asome, kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu mambo yetu hayajawahi kuwa ya siri. Hata viza yangu ilipotoka, ploti nzima hapa mtaa wa Tena ilijua kabla sijavua viatu.

Unaikumbuka siku hiyo? Wewe ulikuwa umetangulia. Uliacha kuchomelea mageti Kariobangi ukaenda kuchomelea vyuma vya watu huko kwenye theluji. Nilikupigia video nikakuonyesha viza imebandikwa kwenye pasipoti, ukalia. Ukaniambia, "Gawa kila kitu, Mama Wambui. Huku tutaanza na vipya." Nami, kwa ule wazimu wetu wa Eastlands wa kumuaga mtu mara tu viza inapotoka, hata tikiti haijakatwa, nikagawa. Kitanda kilienda kwa mama mboga. Kochi lilienda kwa Mama Halima wa nyumba ya chini. Kibanda changu cha nguo za watoto pale soko la Gikomba nilimwachia jirani yangu wa biashara. Watu wakaniombea, wakala, wakacheza. Mama yako, aliyekuwa akikaa nasi na ambaye angerudi Murang'a nikishaondoka, alishikilia kitu kimoja tu, suti yako ya harusi. "Hii mtaiacha," alisema. "Atakuja kuivaa."

Kabla sijakata tikiti, corona ikafunga uwanja wa ndege. Nchi yako hiyo nayo ikatangaza kwamba familia za wafanyakazi wa kigeni hazitaingia mpaka hali itulie, na mfanyakazi akitoka asitegemee kurudi. Viza yangu iliisha muda ikiwa ndani ya mkoba. Sikukulaumu, ungefanya nini? Nilikuwa nimekaa sakafuni na mama yako, nyumba tupu mpaka sauti inarudi, Mama Halima alipobisha. Alikuwa ameshika kochi upande mmoja, binti yake Halima upande wa pili. "Lilikuwa kwangu kidogo tu," akasema. Mama mboga alileta kitanda jioni ile. Kibanda peke yake ndicho ambacho hakikurudi, nikaanza upya kuuza nguo nikiwa nimezitandaza chini.

Siku hizo ulikuwa mtamu, sitakunyima hilo. Ulipiga simu kila siku. Ulimwimbia Wambui mpaka analala na simu kifuani. Ulimtania mama yako kwamba maski imemrudishia usichana, naye akacheka mpaka akaishusha apumue. Ulisema, "Wakifungua tu, mimi ndiye wa kwanza kwenye ndege." Nilikuamini kama mtoto.

Kisha figo za mama zikaanza kumchosha. Kila alasiri akishakunywa uji wake aliniuliza, "Wamefungua?" Nilikupigia, ukajibu, "Bado. Nikitoka hawatanirudisha." Nilimpelekea maneno yako jinsi ulivyoyasema, sikupunguza wala kuongeza. Wala hakukasirika nawe. Aliikasirikia nchi ya watu. "Hiyo serikali yao haina mama?" aliuliza, halafu akageukia ukuta.

Alipokufa hatukuruhusiwa kuwa wengi kaburini. Mtoto wa kiume hayupo, kwa hiyo wazee waliniita mimi nitupe udongo wa kwanza mahali pako. Wambui alishika simu ili uone. Ulilia tena, na nilikuhurumia sana. Sasa najua kwamba machozi ni kitu unachokimudu vizuri kwenye video.

Corona ilipopungua ulikuwa na sheria nyingine. Mara wanataka mshahara mkubwa zaidi, mara wanataka nyumba yenye vyumba zaidi, mara wamesimamisha tena. Miaka ikaenda hivyo. Niliacha kuuliza, nikabaki kungoja.

Juzi Halima naye akapata viza ya kumfuata mumewe, Abdi. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga, nikaalikwa. Nilikuwa na sahani ya pilau mapajani niliposikia jina la nchi anayokwenda. Ni hiyo yako. Nikamuuliza lini walianza kuruhusu familia.

"Si ni kitambo, Mama Wambui?" akasema. "Hata Abdi alikuja ile Idi ya corona, tukiwa bado na maski. Akakaa, akarudi job bila shida yoyote. Si ulimuona?"

Nilimuona. Kwangu wakati huo alikuwa mchumba wa Halima tu, sikujua anatoka wapi. Alipanda ngazi akamletea mama yako sahani ya pilau, akamsaidia kukaa. Mama alikula vijiko kadhaa, akambariki. Baba Wambui, mipaka ilikuwa wazi. Mtoto wa mtu mwingine alikuwa amevuka mpaka huohuo, anamlisha mama yako, na wewe jioni hiyo uliniambia bado.

Nilikupigia hapohapo. Nilitaka uniambie uliogopa, au uliugua, au umepata mwanamke, chochote ninachoweza kukichukia vizuri. Ukasema, "Nilikuwa nimeshazoea huku." Ni hayo tu. Tangu siku hiyo simu inalia mpaka inakatika.

Basi Jumamosi nilikuaga. Niliita watu walewale, nikapika, mchungaji akaomba, ingawa hakujua aombe nini hasa. Nimegawa vitu vyako vyote. Miwani yako ya kuchomelea wameichukua wenzako wa Kariobangi. Suti ameichukua mume wa mama mboga. Inambana mabegani, lakini Jumapili alikwenda nayo kanisani na ilimpendeza. Wambui aliniuliza, "Kwani baba anaenda wapi?" Nikamwambia ulishaenda. Akachukua soda yake, akarudi kucheza.

Nimebaki na kitu chako kimoja, na sikuona wa kumgawia. Ni maneno ya mama yako ya mwisho. Nilikuwa nayaweka mpaka ufike, nikuambie ana kwa ana. Alisema, "Wakifungua, mwambie asikimbie njiani. Nitamngoja."

Sasa nimekufikishia. Walifungua. Wala usikimbie.

Kwaheri,

Mkaza mwana wa mama yako