Karafuu Kwenye Mafuta ya Maige

Segese,
14 Juni 1983

Dada yangu Philomena,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mama mkwe wako mko wazima. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu niliposoma barua yako jana.

Unasema mashavu ya mwanao Maige yametoka malengelenge, na mama mkwe anadai ni jicho la Bibi Nyamizi, jirani yenu aliyempakata siku ya gulio. Unasema Jumamosi mfumu, yule mpiga ramli, anakuja kupasua kuku na kumtaja mbaya wenu. Dada, kuku huyo asiguswe kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Unajua madukani hakuna mafuta ya kupaka tangu mwaka jana. Yale niliyokutumia niliyapika mwenyewe kwa samli, ufuta na nta kidogo. Taabu yake ni kuchacha: wiki tatu tu, hewa imeyala, yananuka. Kitabu changu cha kemia kinasema viko vitu vinavyoizuia hewa isiyaharibu mafuta, kama vitamini E na baadhi ya viungo. Nikaomba vidonge vya vitamini E zahanati; mganga akacheka, akaniuliza kama nimesikia hata aspirini imepatikana. Nikabaki na mdalasini na karafuu. Mwalimu mwenzangu Mwahija akawa ananitania kwamba chumba changu kinanukia pilau lakini wageni hawaalikwi.

Ya mdalasini yalichacha. Ya karafuu ya kusaga yalichelewa, kisha nayo yakachacha. Basi nikachukua mafuta ya karafuu, yale ya kutuliza jino, nikamimina nusu chupa kwenye kopo moja. Miezi miwili hayakunuka. Ndilo kopo ulilopokea.

Sasa nililokuficha. Kabla ya kulituma nilijipaka mkononi. Pakawaka, na asubuhi palikuwa pekundu, pana vipele. Nilijiambia ni ngozi yangu tu. Nilitaka usikie kwamba mdogo wako ameweza. Mtoto wa miezi mitano sikumfikiria.

Bibi Nyamizi hana kosa. Kosa ni langu. Usimpake tena Maige. Mwoshe, umpeleke zahanati leo. Barua hii, anayokuletea Nkwabi wa lori la pamba, isomwe kwa sauti mbele ya mama mkwe na mfumu, hata panaponiaibisha. Wakibisha kwamba mwalimu hawezi kukosea hivyo, waambie nakuja Ijumaa, waukague mkono wangu. Kovu bado lipo.

Nisalimie shemeji. Bibi Nyamizi umpelekee shikamoo yangu mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Ni mimi mdogo wako,
Apolonia