Golikipa Ukutani

Nafula, mdogo wangu,

Kaburi lako limeshaota nyasi na mimi bado nimekukasirikia. Afadhali nikuandikie, maana kunung'unika kwangu jikoni kumemchosha mume wangu.

Nani alikutuma kuchora mpira? Kila mwanamke wa kwetu Bukhayo alijua nyumba inavyopambwa wageni wakitarajiwa: unakandika kwa udongo na samadi, unapaka udongo mweupe juu na mwekundu chini, unazungusha mistari ya masizi madirishani, basi. Wewe ulirudi kutoka uwanjani, siku vijana wetu wa Busia walipowafunga wale wa Malaba, na hukuzungumzia ushindi hata kidogo. Ulizungumzia soksi zenye mistari, wavu ulivyotikisika, na miguu. Miguu, Nafula, wiki ya posa yangu.

Nilikuachia ukuta wa mbele kwa sababu vidole vyako vilikuwa vyepesi kuliko vyangu, nami nilikuwa na wimbi la kusaga. Niliporudi, madirisha yamezungushiwa wavu wa goli, nguzo za baraza zimevalishwa soksi, na kando ya mlango golikipa amejinyoosha chini, mpira uko nyuma yake. Nilimtambua papo hapo. Alikuwa Okware, golikipa wa wale waliofungwa, ambaye kesho yake angekuja na wazee wake kutoka Malaba kuniposa. Nilitaka kumkwangua, lakini baba alisema ukuta wenye makovu ni aibu kubwa zaidi.

Wageni walifika, wakakataa kuketi. Shangazi yake aliuliza kama tumewaita waje kuchekwa. Mzee mmoja alishageuza baiskeli yake kuelekea njiani. Nilisimama mlangoni na sinia la chai, nikajua ndoa yangu ndiyo hiyo inaondoka. Okware aliisogelea picha, akasema kwa upole, "Mguu yangu haikuwa hivyo. Nilikuwa nimekunja."

Ungenyamaza tu, kama msichana aliyelelewa. Wewe ulijifuta mikono kwenye leso, ukamjibu mbele ya wazee wote:

"Ulinyoosha, shemeji. Ndiyo maana mpira ilipita."

Okware alicheka hadi akakaa chini. Na kwetu mgeni akishakaa, haondoki bila kula. Basi shangazi naye akavuta kiti, uso umekunjamana, na posa ikaanza.

Nikaolewa, na wewe ukazidi kiburi. Nyavu zako zilienea kwenye madirisha ya Bukhayo hadi ng'ambo ya mpaka wa nchi, wanawake wakidai hawataki tena mistari ya mama zao. Kila Desemba, mvua ikishaharibu ukuta wetu, ulikuja Malaba kuuchora upya, ukibishana na Okware juu ya ule mguu mpaka chakula kipoe. Mlinichosha ninyi wawili. Nilikuwa nikiomba Krismasi moja tu ya kimya.

Nimeipata na siitaki. Ulikwenda kwa homa ya siku chache, hata hukuniaga, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jana Okware alikanyaga udongo wa kukandika mwenyewe. Hajui kuchora hata kuku. Amejichora mguu umekunjwa vizuri na mpira umo mikononi mwake, kisha akasimama pale pale kando ya ukuta, anangoja mtu abishane naye. Niliandaa chakula, nikakiacha kipoe.

Pumzika huko uliko, mkaidi wangu.

Mimi dada yako, wa Malaba