Viti Vinavyotazama Barabara

Jumatano, Kilwa Masoko. Jua kali, vumbi, na swali moja halinitoki kichwani tangu asubuhi: watu wangu wamekwenda wapi?

Tangu korona iingie, kliniki yetu ya dawa za VVU, ninapojitolea, imepooza. Nilidhani ni kuogopa ugonjwa. Au nauli. Au ule uvumi kwamba ukikohoa tu unafungiwa. Leo nimechoka kudhani.

Anayeniumiza roho ni mmoja, nimwite Mwanahawa, si jina lake. Dawa zimemwishia siku tisa sasa, na mtoto wake wa miezi mitatu ananyonya. Hajawahi kukosa kliniki, yule! Basi nikafunga sabuni na khanga, nikajifanya nakwenda kumwona mzazi, maana mama mkwe wake hajui kitu, na mimi si wa kumjulisha.

Tulipojitenga jikoni nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anaogopa korona. Akacheka kicheko cha uchungu.

"Korona hainijui, dada. Wapita njia ndio wananijua mpaka ukoo. Vile viti nani kaviweka?"

Viti!

Niliviweka mimi. Zamani tulibanana ndani, mlango umerudishwa, nani atakuona? Tulipoambiwa watu waachiane nafasi, nikavitoa barazani, nikavipanga mstari mmoja, hatua mbilimbili, vikitazama barabara ya sokoni. Nikavipiga na picha, jamani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kumbe nimewaanika watu kama samaki wa ng'onda juani.

Mchana nimevihamishia uani, nyuma ya jengo, na Mwanahawa nimemtumia ujumbe. Hajajibu. Dawa ningempelekea hata leo, lakini mtoto naye lazima apimwe, na hilo siwezi kumfanyia jikoni kwa mkwewe. Ni lazima aje. Naogopa, nasema kweli.

Na kuna jambo nalikiri hapa kwa kuwa huku mtandaoni hakuna anayenijua. Mimi nami natumia dawa hizohizo, mwaka wa saba huu. Chupa yangu huichukua kule ndani kwa muuguzi, nikijitia mfanyakazi. Kwenye viti vile sijakaa hata dakika moja. Ningekaa, ningehitaji kuuliza watu wamekwenda wapi?

Kesho asubuhi nitakaa kiti cha kwanza pale uani, na kadi yangu ya kliniki mkononi. Akija, anikute.