Nimpigie Kombo, Nisimpigie?

Bagamoyo, Jumatatu, Shaabani 6, 1303

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikaacha, ikaanza tena. Nami leo siko mbali nayo. Nimekaa, nimesimama, nimetoka barazani mara sita bila shughuli yoyote, nimerudi. Mke wangu ameniambia kama nina siafu kwenye kikoi nikawakung'utie nje. Asubuhi nilikuwa nashona mkono wa kanzu ya watu, nikaufunga mdomo wote ukawa mfuko. Fundi wa miaka ishirini huyo!

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Kombo amerudi tangu mwezi uliopita, hilo kila mtu analijua. Jipya ni kwamba Alhamisi jumbe wetu anaoza binti yake, kutakuwa na kirumbizi uwanjani kwake, na wazee wamekata shauri kuwa Kombo acheze. Kirumbizi hakichezwi bila zumari. Na mpiga zumari wa mtaa huu ni mimi, hakuna mwingine.

Atakayelisoma daftari hili, pengine mwanangu, pengine panya, ajue mchezo wenyewe ulivyo. Wawili huingia uwanjani na fimbo, mmoja wa mtaa huu, mmoja wa mtaa mwingine. Kabla ya kuanza hushikana mikono. Huyu husema, "Nipe radhi." Yule hujibu, "Radhi." Hapo mimi huanza kupuliza. Tangu sauti ya kwanza hadi nitakaponyamaza, pigo lolote litakalompata mtu halina kesi, hata likivunja mfupa, hata likiua. Nikinyamaza, mchezo umekwisha, na fimbo inarudi kuwa fimbo tu. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tunavyofanya.

Miaka minne iliyopita Kombo alicheza na Salimu, kijana wa mtaa wa Dunda. Alishindwa. Hakuwahi kushindwa mbele ya watu, na siku ile kuna mtu alicheka. Mimi nilikuwa nimeshaitoa zumari mdomoni, nafuta mate. Salimu alikuwa ameweka fimbo yake chini, ameinama kuokota kofia. Kombo akampiga kisogoni.

Salimu hakuinuka.

Usiku ule haukupita vizuri kwa mtu yeyote, lakini kulipokucha wazee wa mtaa wetu walikuwa kwangu, kabla kadhi hajaniita. Waliniomba neno moja dogo. Niseme nilikuwa bado napuliza. Basi, neno moja, na Kombo angekuwa mchezaji aliyepatwa na bahati mbaya mchezoni. Nilikwenda kwa kadhi nikasema nilikuwa nimenyamaza. Kombo akapelekwa Unguja, akatiwa gerezani, minyororo miguuni.

Mtaa ulininunia. Mwaka mzima hakuna jirani aliyeniletea hata kofia ya kushona. Nikawa nashonea Wahindi wa madukani na wapagazi kutoka bara, ambao hawajui ugomvi wetu. Nisijifanye shujaa hapa. Kama ningejua nitanuniwa kiasi kile, sijui ningesema nini.

Sasa jana wazee wamenijia tena, walewale, ila mmoja ametangulia mbele ya haki. Jumbe mwenyewe alikuja, akaketi, akanywa kahawa yangu, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka minne. Akasema, "Fundi, mtu kafungwa na waliomfunga wamemfungua. Wewe ni nani hata umfunge mara ya pili?"

Ni neno zuri. Tangu jana nalitafuta kosa silioni.

Kombo anafanya kazi forodhani, anapokea pembe za ndovu zinapofika na misafara. Hakuna aliyesema asipewe kazi, wala mimi sikusema, mtu lazima ale. Ijumaa iliyopita alisimama karibu yangu katika safu, bega kwa bega, tukasali, tukapeana mikono. Kama toba yake ni ya kweli inajulikana kwa Mola, si kwangu. Akitaka kuoa, aoe. Akitaka kujenga kwenye kiwanja pembeni mwangu, nitakwenda kumsaidia kukandika udongo.

Lakini uwanjani ni kwingine. Uwanjani anapigiwa vigelegele. Wanawake watamtupia leso zao. Watoto watalitaja jina lake wiki nzima na kuigiza anavyozungusha fimbo. Yote hayo kwa mkono uleule. Nikifikiri hivyo najiona nina haki, najikuta natembea chumbani kama kadhi. Halafu lile neno la jumbe linarudi, nakaa chini.

Niandike na hili, maana ndilo linaloniwasha.

Nataka kumpigia.

Tangu Kombo aondoke, wanaocheza hapa wanatwanga tu. Nawapulizia huku nawaza chakula. Kombo alipokuwa akiingia, mimi nilikuwa siendeshi zumari, ilikuwa inajiendesha. Alikuwa anajua nitageukia wapi kabla sijageuka, nami nilikuwa najua mguu wake utatua wapi. Siku moja tulicheza hivyo mpaka watu wakaacha kushangilia, wakabaki wanatazama tu. Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asilione daftari hili. Nimeshuhudia alichofanya kwa macho yangu, nimekisema mbele ya kadhi, na bado jana jumbe alipotaja Alhamisi vidole vyangu vilianza kucheza juu ya goti. Aibu iliyoje! Nilivifunika kwa ile kanzu.

Kwa hiyo nisijidanganye kuwa nakataa kwa ucha Mungu. Nusu yangu inakataa. Nusu nyingine imeshachonga ulimi mpya wa ukuti wa kutia mdomoni mwa zumari.

Baada ya adhuhuri mvua ilipopungua nilikwenda Dunda kwa Bi Mwanaidi, mama yake Salimu. Nilijiambia nakwenda kumtazama hali. Uongo. Nilikwenda anikatie shauri. Akisema Kombo asicheze, nitawaambia wazee mama mwenyewe kakataa. Akisema acheze, nitapiga na moyo wangu utatulia. Vyovyote vile mzigo ungekuwa wake, nami ningerudi mwepesi.

Nilimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia, unalowa."

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwenye mvua, nikapitia afya, nikafika kwenye harusi. Alinisikiliza bila kuinua uso. Nilipomaliza akasema, "Umekuja kuniuliza kama nimemsamehe Kombo?"

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

"Kombo mwacheni na Mola wake. Mimi simfikirii Kombo. Nenda uani ukatazame."

Nikaenda. Hamadi, mtoto wake aliyebaki, ambaye Salimu alipokufa alikuwa anachunga mbuzi tu, alikuwa chini ya paa la makuti la jikoni na fimbo mkononi. Sasa ni mwanamume mwenye mabega. Alikuwa amefunga gunia la makumbi kwenye nguzo, analipiga. Alilipiga sehemu moja tu, juu, mahali ambapo mtu angekuwa na kisogo. Hakuniona. Nilisimama pale mpaka nikahisi baridi.

Nikarudi ukumbini. Bi Mwanaidi akasema, "Tangu aliposikia Kombo atacheza, kila siku yuko pale. Amewaomba wazee wa huku yeye ndiye aingie, wamekubali. Wameona ni vizuri, watu watapatana. Atampa Kombo mkono, atasema radhi. Kwa mdomo. Halafu wewe utapuliza, na ukipuliza hakuna kesi. Si ndivyo mlivyoweka nyie wanaume?"

Akaongeza ukindu mwingine kwenye ukili wake.

"Akimuua, nimezaa muuaji. Akiuawa, nabaki na mkeka huu. Simuombei Kombo, baba. Nina mmoja tu."

Njiani nilitembea katikati ya madimbwi kama mtu asiyeona. Hasira zilinipanda, na hasira zenyewe ni juu yangu. Jana kutwa na leo asubuhi nimebishana na nafsi yangu kuhusu Kombo: haki ya Kombo, dhambi ya Kombo, kifungo cha Kombo, uhodari wa Kombo. Wazee nao hivyohivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani atasimama mbele yake. Mchezo ni wa wawili! Mtu hawezi kurudi uwanjani peke yake, lazima apatikane wa kumwambia radhi, na anayeambiwa aiseme ni mdogo wake Salimu. Jumbe anaweza kumpa Kombo harusi yake. Kadhi anaweza kumpa uhuru wake. Radhi hawawezi kumpa, wala mimi siwezi kumpulizia kana kwamba amepewa.

Nilitaka nirudi nyumbani. Miguu ikanipeleka forodhani, nikamkuta Kombo amejikinga ukingoni mwa paa, anasubiri mvua iache. Amekonda. Kwenye vifundo vya miguu bado kuna alama.

Nikamwambia pale pale, maana ningengoja ningeogopa. Nikasema Alhamisi sipigi. Nikamwambia na habari ya Hamadi na lile gunia. Nilitegemea atanitukana, na kwa kweli ningependa anitukane.

Alijifuta maji usoni. Kisha akasema, "Kule gerezani, fundi, nilikuwa nacheza kichwani. Kila siku. Zumari ilikuwa yako."

Nikatazama maji yanayotiririka kutoka kwenye makuti. Akaniuliza, polepole, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua:

"Basi miaka minne ile nilikuwa namlipa nani?"

Swali hilo nimekuwa nikilijibu moyoni tangu al-asiri. Seyyid wa Unguja amelipwa, gereza ni lake. Kadhi amelipwa, hukumu ilikuwa yake. Sisi wa mtaa tumelipwa, tumempata mchezaji wetu. Bi Mwanaidi hakulipwa hata siku moja katika miaka hiyo minne, na hilo si kosa la Kombo peke yake, hakuna aliyemwekea fungu. Nilijua haya yote nikiwa nimesimama pale. Ningeweza kumwambia. Nikaona anavyonitazama, nikaaga.

Kesho asubuhi nakwenda kwa jumbe kumwambia kwa kinywa changu. Nitanuniwa tena, safari hii huenda isiwe mwaka. Naogopa, na vidole bado vinacheza.

Sipigi.