Si Mionzi, Mwalimu, Ni Vumbi

Mwalimu Gwandu,

Nimeiandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii sichani. Nina hasira na wewe, na nimechoka kuimeza kila mtu anaponipa pole.

Siku ya kumaliza matanga pale kwako Karatu, kaka yako alisimama mbele ya ukoo akanyoosha kidole kwenye karakana. Akasema, "Lile maikrowevu la mionzi ndilo lililomuua. Likafukiwe." Wanaume wawili wakainuka. Mimi niliyechoma nawe vifaa vya kauri humo miaka minne nikaziba mlango, nikapiga kelele kama mwehu: "Hamligusi!"

Nikawaeleza ulivyonieleza siku ya kwanza. Tanuri la mkaa huchoma kutoka nje. Moto ukifika katikati, kitu kimeshapasuka. Mawimbi ya maikrowevu hupenya, joto likazaliwa ndani ya unga wenyewe. Ila unga wetu wa udongo mweupe na mawe, ukiwa wa baridi, hauyajali mawimbi. Ndiyo maana tuliuzungushia unga mweusi wa mawe ya kunolea, ambao hupata moto upesi, ukaupasha wetu mpaka nao uanze kuyanywa. Hapo chembe hushikana, vitundu vikaziba, unga ukawa jiwe. Na mlango ukifungwa vizuri, mawimbi yanabaki humo humo.

"Sasa kilichomuua ni nini?" kaka yako akauliza.

Mkeo ndiye aliyekuwa na jibu. Aliingia ndani akatoka na karatasi ya hospitali. Vumbi la mawe kwenye mapafu. Daktari alikuambia uache kusaga mawe, mwaka mmoja kabla. Mwaka mzima, Mwalimu!

Mimi uliniambia ni kikohozi cha baridi. Barakoa nzuri tulikuwa nayo moja, ukanivisha mimi, wewe ukajifunga kitambaa. "Mapafu yangu yameshazoea," ulisema, ukacheka. Mapafu hayazoei! Wewe, mwalimu wa kemia, uliyetufundisha darasani kutonusa chupa hovyo! Tungesaga kwa maji. Ndoo moja ya maji, basi, vumbi lisingeruka. Ninavyosaga sasa.

Mkeo aliikunja ile karatasi, akawaambia, "Liacheni. Ni la Paskalina." Wakakaa chini.

Nimeendelea. Kile kichwa cha bomba la kupulizia dawa, kile kilichokuwa kinatuvunjikia, kimetoka kizima. Nilipandisha moto polepole mwanzoni, unyevu ukatoka, halafu nikaachia. Nikampa Mzee Bura wa Oldeani, yule wa kahawa, anayelalamika kwamba vichwa vya shaba vinalika tundu kila msimu. Amepulizia shamba lote, tundu halijapanuka hata kidogo. Akaja na mkungu wa ndizi akuletee wewe. Hakujua. Nilimwambia pale getini kwamba tumekuzika, akauweka mkungu chini akakaa juu ya jiwe. Nikakukasirikia upya. Ile ilikuwa furaha yako, mimi nikaipokea peke yangu kama mwizi.

Unajua kinachoniuma zaidi? Si kwamba umekufa. Ni kwamba ulikuwa unakufa mbele yangu, asubuhi kwa asubuhi, tukisalimiana, na hukuniona mtu mzima wa kuambiwa. Ningekukataza kuingia karakana. Labda ndiyo sababu.

Jumatatu nashuka mjini kupiga picha ya kifua. Hata kwa barakoa, vumbi lile nimelivuta pia, siku zile za mwanzo kabla hatujainunua. Naogopa.

Lala, Mwalimu. Nakupenda, na sijakusamehe. Yote mawili ni kweli. Ila nakuahidi hili moja: majibu yakitoka, mazuri au mabaya, nitamwambia mama yangu siku hiyo hiyo.

Paskalina