Ngumi Juu, Zima Injini

Jumanne, 4 Novemba

Usingizi hauji. Nimeoga maji ya moto, nimekunywa chai — wapi!

Leo tulimpata papa potwe mapema. Mkubwa kuliko boti letu, mpole, hana habari na mtu. Nikaruka majini na wageni, watalii wetu; Kaka kwenye usukani akasogeza boti mbali kama kawaida. Likirudi kutuchukua mimi huinua ngumi: zima injini, watu hapa. Ndiyo sheria yetu tangu tuanze kazi hii.

Nikainua ngumi. Boti linakuja tu. Nikapiga kelele, upepo ukaibeba sauti. Nilimvuta mgeni kwa mkono — propela ikakata ncha ya pezi lake la mpira. Ncha tu! Mwenyewe anacheka, anadhani samaki kampiga mkia. Nami nikacheka. Mungu anisamehe.

Kaka anasema jua lilimpiga machoni. Jua gani? Mawingu siku nzima.

Alhamisi, 6 Novemba

Bahari shwari, hakuna upepo. Wageni walipokuwa wameshapanda wote nilibaki majini makusudi, nikasema nimeangusha miwani. Boti likazunguka kunifuata. Nikainua ngumi, mdomo nimeufunga. Linakuja. Linakuja! Nikaita “Zima!” — papo hapo kimya.

Kumbe ni masikio! Hiyo ngumi haioni. Siku zote hizi anaendesha kwa sauti yangu, na mimi najisifu tunaelewana.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia. Alikuwa mlangoni kwangu, anavua viatu. Kaka, twende ukapimwe macho.

Akamaliza kuvua viatu. Kisha akasema, taratibu, mbona nataka kumzika angali anapumua. Usukani ndio yeye. Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea, kiganja chini ya tumbo langu, “piga miguu, mdogo wangu, sikuachii.” Na kweli hakuniachia.

Halafu akageuza mzaha: kumbe mimi ndiye mzee, naona mambo yasiyokuwepo. Akamwita binti yangu, Kidoti. “Kesho twende ukamwone potwe, si Mjomba nilikuahidi?” Mtoto akaruka-ruka nyumba nzima. Nilitaka kusema hapana. Nikaenda kumtafutia miwani.

Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Jumamosi, 8 Novemba

Niko kwenye boti, naandika juu ya goti. Wageni wanavaa mapezi. Upepo umeanza — ule ule wa Jumanne. Kidoti amekaa mbele, miwani tayari usoni, anapumua kwa mrija hata kabla hatujaondoka. Wageni wanamcheka.

Nimefanya jambo. Ufunguo wa injini nimeutoa mahali pake, nimeuweka juu ya kiti cheupe, karibu na goti la Kaka. Ni mweusi, unaonekana wazi kabisa. Nimejiapiza: akiuona, twende. Asipouona, nasema mbele ya watu wote, liwalo na liwe.

Anautafuta. Ameangalia kitini. Ameangalia tena! Anapapasa mifuko, anapiga mluzi ili tusione ana wasiwasi. Ananiuliza, mdogo wangu, ufunguo umeuona?

Nimeinamisha kichwa, naandika. Sema sasa. Sema, mwoga wewe!

Kidoti amevua miwani. Anakuja huku. “Mjomba, si huu hapa?” Ameshauokota, anampa — naweka kalamu, nasema.