Dawa Niliyokuambia Iko Njiani

Papa mpendwa,

Leo nimewafundisha wanafunzi wangu hapa Butembo somo ulilonifundisha wewe kwanza, barazani kwetu, mtaa wa Ruwenzori, kule Beni: proteini huanza kama uzi mrefu, na haifanyi kazi mpaka ijikunje sawasawa. Nikawaongezea habari za proteini nyingine, ziitwazo wasindikizaji, zinazoishikilia isijikunje vibaya, hasa seli inapopata joto au shida. Kansa nayo huwatumia wasindikizaji hao hao ili proteini zake mbovu zisivunjike. Nilipofika hapo, niliweka chaki chini.

Mwaka ule, uvimbe chini ya taya lako ulikuwa umefika ukubwa wa yai. Nilikuwa nasomea udaktari, nikaja Beni katikati ya vita kukuchukua nikupeleke hospitali ya Butembo. Nilikuletea karatasi niliyoinakili kutoka jarida la Kifaransa, pamoja na mchoro wa proteini. Ng'ambo walikuwa wanajaribu dawa ya kuwazuia wasindikizaji. Uliisoma mara tatu.

"Kile kinalinda mwili, njo hicho hicho kinalinda ugonjwa pia?" uliuliza, ukaitia mfukoni.

Njiani lori letu lilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani; askari walikupekua, wakakuta kitambulisho chako cha ualimu na karatasi ile. Mmoja aliufuata mchoro kwa kidole, kona kwa kona.

"Hii njia inaenda wapi?"

"Hapana njia, chef. Ni proteini," ulimjibu mkubwa huyo.

"Mwalimu, usituone bajinga. Hii ni karte, ni ramani ya position zetu."

Ulianza kuwaeleza polepole, kama darasani. Hakuna aliyecheka. Abiria wenzetu walianza kujitenga nasi. Nilifungua mdomo niseme mchoro ni wangu, lakini ulinitangulia: "Huyu binti simujue. Nimemukuta tu mu camion."

Lori liliondoka nami. Wewe ulibaki umepiga magoti kwenye matope, mikono kichwani.

Nilikungoja kwa shangazi, mtaa wa Kimemi, hapa Butembo. Siku ya nne ulifika kwa miguu, bila viatu, bila shati. Shangazi alikufunika kanga, nami nikakupeleka hospitali. Daktari alikupima, akaniita pembeni: "Kansa imeshafika kwa mapafu. Mukae naye tu nyumbani."

Uliniuliza amesema nini. Nikajibu kwamba dawa ile imeagizwa Kampala, iko njiani. Papa, uso wako uling'aa! Tangu hapo kila asubuhi uliuliza kama imefika, na kila asubuhi nilikujibu, "Bado. Barabara imefungwa."

Ukaacha kula. Siku moja ulinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado unazo. "Masika, nani amefunga barabara?"

Nilikunyooshea shuka. Jioni ile ulifariki.

Barabara ilikuwa wazi, Papa, na hakuna dawa iliyokuwa imeagizwa. Malori yalikuwa yanapita kila siku. Nadhani uliyasikia.

Pumzika. Mimi bado siwezi.

Binti yako,
Masika